Nyumba kuukuu Kasulu na Kibondo: Mnunuzi apime uwanja, siyo paa

MFANYABIASHARA wa maharage aliyemaliza msimu vizuri, akiwa amebakiwa na fedha baada ya kulipa madeni na usafiri, akiuliza Kasulu au Kibondo afanye nini na fedha hizo, hupewa jibu moja: nunua nyumba. Na nyumba anayoonyeshwa na dalali mara nyingi siyo mpya. Ni nyumba ndogo ya vyumba vitatu, matofali ya kuchoma yaliyojengewa kwa udongo, bati lililoshika kutu na sakafu iliyopasuka. Nyuma yake kuna uwanja mkubwa wenye migomba, miembe miwili mitatu na choo cha shimo kilichoinama.

Ushauri huo siyo mbaya. Kinachotia shaka ni sababu zinazotolewa. Dalali husifia kuta ambazo "ni za zamani, imara", kisha husifia pango ambalo "halikosi mpangaji". Uwanja hutajwa mwishoni, kama nyongeza aliyoongezewa mnunuzi. Hesabu ya biashara inasema kinyume. Katika miji hiyo miwili ya nyanda za juu za Kigoma, mali iliyopo katika ununuzi wa namna hiyo ni ule uwanja. Nyumba ni kibanda cha kulindia mali. Mnunuzi asiyelijua hilo hulipa bei ya paa, halafu hugundua baadaye kwamba uwanja alioudhani ni wake una barabara, warithi au makaburi ndani yake.

Pango la msimu wa wakimbizi

Imani kwamba nyumba ya Kasulu au Kibondo haikosi mpangaji ina historia yake. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka, na kambi zikaenea katika wilaya hizo mbili. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Zaire ya wakati huo. Mashirika ya misaada yalihitaji ofisi, maghala na nyumba za watumishi. Mwenye nyumba yenye choo cha ndani na uzio aliweza kupangisha kwa mkataba wa mwaka mzima, fedha ikalipwa mbele.

Neema hiyo haikudumu. Wakimbizi wengi wa Burundi walirudi kwao katika miaka ya 2000, kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, na kambi ya Mtabila, Kasulu, ikafungwa Desemba 2012. Mwaka 2015 machafuko yakarudi Burundi na wimbi jipya likaingia. Nyarugusu ikajaa kupita kiasi, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huo huo, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata mwaka 2016. Kufikia 2017 zoezi la kurejea nyumbani kwa hiari lilikuwa limeanza tena, na Mtendeli ikafungwa mwaka 2021.

Mwenye kumbukumbu ataona kwamba soko hilo la pango limepanda na kushuka mara mbili katika muda usiofika miaka 30. Anayenunua nyumba kwa kutegemea mpangaji wa shirika anacheza bahati nasibu juu ya siasa za nchi jirani. Aidha, mpangaji wa aina hiyo hakai katika nyumba ya vyumba vitatu yenye choo cha shimo. Nyumba kuukuu hupata mwalimu, muuguzi, fundi au kijana wa dukani, na pango lake ni la kiwango cha watu hao.

Mahesabu bila ushabiki

Chukulia mfano wa karatasini. Nyumba yenye uwanja wa meta 30 kwa 40, yaani meta za mraba 1,200, inauzwa Sh. 18,000,000. Nyumba inapangishwa kwa Sh. 70,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 840,000. Ikitolewa kodi ya zuio ya pango ya asilimia 10, mwenye nyumba anabaki na Sh. 756,000, sawa na asilimia 4.2 ya fedha aliyoweka. Bado hajabadilisha bati hata moja, wala hajapitisha mwezi mmoja bila mpangaji.

Fedha hiyo hiyo ingeweza kukaa katika hatifungani ya Serikali. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi asilimia 12.56, na wawekezaji wengi walilalamika. Lakini hata kwa kiwango hicho kilicholalamikiwa, Sh. 18,000,000 zingeleta Sh. 2,260,800 kwa mwaka, bila mchwa na bila mpangaji mkorofi. Tofauti kati ya karatasi ya Serikali na nyumba ni Sh. 1,504,800 kila mwaka.

Fedha hiyo itatoka wapi? Kuta haziwezi kuitoa. Itatoka katika uwanja kwa njia mbili. Ya kwanza ni thamani ya ardhi kupanda: katika mfano huu, lazima ipande kwa asilimia 8.36 kila mwaka ili mnunuzi awe sawa tu na mwenye hatifungani. Ya pili ni uwanja kufanya kazi. Ukitoa Sh. 125,400 kwa mwezi, pengo limezibwa.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapomzidi mstaafu au mtumishi anayetafuta pango tu. Uwanja wa meta 1,200 unaweza kubeba ghala la magunia, na mwenye kununua mahindi na maharage wakati wa mavuno akaacha kulipia stoo ya mtu. Unaweza kubeba mashine ya kusaga, karakana ya seremala, sehemu ya kuuzia mbao na bati, maegesho ya malori usiku, au mstari wa vyumba vya biashara ukiwa unatazama njia inayopita watu. Ile nyumba kuukuu inakuwa ofisi na makazi ya mlinzi. Asiye na kazi ya kuupa uwanja, na asiye na subira ya kusubiri ardhi ipande, ni afadhali afuate hatifungani.

Sababu za kutegemea ardhi kupanda zipo. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilometa 260.6, ilianza kujengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakizimika wakati wowote. Mashine ya kusaga, ya kukoboa na ya kuchomelea zina maana tofauti pale umeme unapokuwa wa uhakika zaidi. Mabadiliko haya hayategemei kambi kufunguliwa au kufungwa, na ndiyo maana yanafaa kuhesabiwa kuliko pango la mashirika.

Barabara inayoleta faida ndiyo inayokata uwanja

Lakini barabara ina upande wa pili. Nyumba nyingi kuukuu zenye uwanja mkubwa zimejengwa kando ya njia kuu. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa meta 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hadi meta 30 kila upande. Ndiyo asili ya alama za X ukutani: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hatazamiwi kulipwa fidia, na kijani kwa aliyekutwa katika meta 7.5 zilizoongezwa, ambaye anastahili kulipwa eneo lake likitakiwa.

Mnunuzi anayeonyeshwa uwanja wa meta 40 kutoka barabarani hadi nyuma, naye akalipia meta zote 40, huenda amelipia kipande ambacho hataruhusiwa kujenga hata kibanda cha soda. Alama ya X hufutwa kwa chokaa siku moja kabla mteja hajaja. Dawa ni utepe wa kupimia wa Sh. chache: pima meta 30 kutoka katikati ya barabara, piga kigingi, na uanze kuhesabu bei kutoka hapo.

Vilevile yapo mazoea ya urasimishaji wa makazi. Mitaa iliyojengwa kiholela inapopimwa, wananchi hukubaliana kuachia ardhi kwa ajili ya njia za mitaa, na kwa kawaida mwenye uwanja mkubwa ndiye anayekatwa zaidi, kwa sababu kwake hakuna ukuta wa kubomoa. Anayenunua katika mtaa ambao haujapimwa, iwe Murubona, Mwilamvya au Kumsenga kwa upande wa Kasulu, au Biturana na Kumwambu kwa upande wa Kibondo, aangalie kwanza njia ya gari itapita wapi. Kama jibu ni "hapa kwenye migomba", bei ishuke.

Uwanja mkubwa ulitoka wapi

Wageni hushangaa kwa nini nyumba ndogo ipewe uwanja wa ekari nzima. Sehemu ya jibu ni Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu katika vijiji vya Ujamaa. Familia zilitolewa katika makazi ya kutawanyika, zikapangwa kwa mistari, kila moja ikapewa eneo la nyumba na bustani. Miji ilipopanuka ilivimeza baadhi ya vijiji hivyo, na ekari ya mwaka 1972 ikajikuta mjini.

Hofu ya wanunuzi wengi ni kwamba mwenye shamba la kabla ya operesheni atarudi siku moja na wazee wake wa ukoo. Kwa upande wa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imelijibu jambo hilo: ugawaji uliofanyika katika operesheni kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 ulithibitishwa kuwa halali, na madai ya zamani yakafutwa. Kwa hiyo mnunuzi anayekuta familia iliyokaa tangu operesheni hapaswi kuogopa sana babu wa kabla yake.

Anayepaswa kuogopwa ni mjukuu. Mzee aliyepewa ekari mwaka 1972 mara nyingi amekwishafariki. Nyumba inauzwa na kijana mmoja mwenye shida ya fedha, ilhali ndugu zake wako Dar es Salaam, Mwanza na Kahama, na mama yao bado analala chumba cha nyuma. Kijana huyo hana uwezo wa kuuza, hata kama ameshika funguo zote. Mwenye uwezo huo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi hilo hufanyika Mahakama ya Mwanzo. Barua ya usimamizi ionekane kabla ya fedha kutoka. Na kama muuzaji ni mwenye nyumba mwenyewe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake. Saini ya mama mwenye nyumba siyo heshima tu. Bila hiyo, mkataba unaweza kuanguka mahakamani, na mnunuzi akabaki akimdai mtu ambaye fedha amekwishazitumia.

Karatasi tatu na maswali yake

Nyumba hizi huuzwa na karatasi za aina tatu. Ya kwanza ni hati ya miliki ya kiwanja kilichopimwa. Hiyo ndiyo bora, lakini isomwe tarehe. Hati nyingi za zamani zilikuwa za miaka 33. Iliyotolewa mwaka 1988 kwa muda huo ilikwisha mwaka 2021, na kuihuisha ni gharama ya mnunuzi asipoitaja katika bei. Deni la kodi ya pango la ardhi nalo liulizwe katika ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Ya pili ni barua ya toleo, ambayo wengi bado huiita ofa. Ina nguvu, lakini mnunuzi ajue kwamba kazi ya kupata hati inamsubiri. Ya tatu ni mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono, wenye mhuri wa mtaa au wa kijiji. Mhuri huo unathibitisha kwamba kiongozi aliona watu wakiuziana. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Kwa ardhi ambayo bado ni ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye sauti, na mgeni asiye mkazi wa kijiji hawezi kuipita kwa kumaliza mambo na mwenyekiti peke yake chini ya mwembe. Ile "asilimia 10 ya mwenyekiti" inayodaiwa katika mauziano mengi haiongezi uhalali wowote.

Kwa kuwa wilaya hizi ziko mpakani, lipo swali jingine ambalo ni la sheria: asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Mnunuzi aombe kitambulisho cha Taifa cha muuzaji kama anavyoomba hati, kwa adabu na bila kumbagua mtu kwa lafudhi yake. Mpaka wa Buha umekuwa na watu wanaosema lugha za kukaribiana tangu kabla ya mpaka wenyewe.

Gharama za kuhamisha jina nazo ziingizwe katika bei mapema. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ingawa ipo misamaha kwa nyumba aliyoishi mwenyewe. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Ongeza mthamini, mpimaji na ada za ofisi. Wengi huandika bei ndogo katika mkataba ili wakwepe kodi. Mnunuzi anayekubali mchezo huo ajue kwamba siku mauziano yakivunjika, mahakama itasoma ile bei ndogo. Na siku yeye atakapouza, faida yake itahesabiwa kutoka hapo.

Mambo ambayo dalali haonyeshi

Uwanja mkubwa wa nyumba ya miaka 40 una historia chini ya udongo. Lazima pawe na mashimo ya vyoo vya zamani yaliyofukiwa, pengine matatu au manne. Ukuta wa ghala ukijengwa juu ya mojawapo utapasuka msimu wa kwanza wa mvua. Majirani wazee huyakumbuka mahali yalipo. Yako pia makaburi. Familia nyingi zimezika nyuma ya nyumba, na kaburi lisilojengewa huonekana kama tuta la viazi. Kuhamisha mabaki ya marehemu kunataka ridhaa ya familia na kibali cha mamlaka, na hakuna mfanyabiashara anayependa kuanza biashara kwa ugomvi huo. Swali hilo liulizwe wazi, na jibu liandikwe katika mkataba.

Mteremko uangaliwe. Kasulu na Kibondo ni miji ya vilima, na mvua zake huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei. Uwanja mpana ulio bondeni hupokea maji ya mtaa mzima. Nyumba yenyewe ikaguliwe kwa bisibisi katika mbao za paa kwa sababu ya mchwa, na katika udongo wa kati ya matofali. Kama kuta zinategemea kubomolewa ndani ya miaka mitano, zisilipiwe kama zitakaa 30. Mwisho, iangaliwe mita ya umeme. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni Sh. 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Deni lililolala katika mita hukatwa pale mwenye nyumba mpya anaponunua umeme.

Mtaji wa msimu usiingie ukutani

Hukumu ya haki ni hii. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kasulu au Kibondo, nyumba kuukuu yenye uwanja mkubwa ni ununuzi mzuri kuliko nyumba mpya iliyobanana kwenye kiwanja kidogo, kwa masharti matatu. Uwanja uwe umepimwa, au upimwe kabla ya malipo ya mwisho. Uwe na kazi inayojulikana tangu siku ya kwanza. Na fedha inayonunulia isiwe ile ya kununulia mazao.

Sharti hilo la tatu ndilo linalovunjwa zaidi. Mfanyabiashara huuza magunia, hununua nyumba, na mavuno yanayofuata humkuta na uwanja mkubwa, bati jipya na mfuko mtupu. Hukimbilia mkopo wa riba kubwa, au huiuza nyumba kwa haraka kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia. Ardhi haiuziki kwa siku moja kama gunia la maharage. Mwenye hati anaweza kuiweka benki na kupata mtaji wa msimu. Mwenye karatasi ya mtaa peke yake mara nyingi hurudishwa mlangoni. Kwa hiyo fedha inayotumika kupima na kupata hati ndiyo inayogeuza uwanja kuwa mali inayofanya kazi mara mbili: mara moja kwa ghala, mara ya pili kwa dhamana.

Muuzaji naye asisahaulike. Mjane anayeuza ekari ya mumewe kwa bei ya paa bovu anapunjwa kwa sababu hiyo hiyo inayompunja mnunuzi asiyejua: wote wawili wameangalia nyumba. Bei ya haki inapatikana pale pande zote mbili zinapotoka nje, zikashika utepe, na kuanza kupima.